Sheria ipo, basi halifiki

Nimezaliwa Maskati, kwenye nyumba inayosema Kiswahili cha Unguja, kile ambacho bibi alikuja nacho baada ya mapinduzi ya 1964. Ndiyo maana mabinti wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani mtaani kwetu huniambia wasiyomwambia tajiri.

Sheria ya kuwalinda ipo: mwaka 2008 Oman na Tanzania, kila moja kwa upande wake, zilitunga sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu. Ya Oman, Amri ya Kifalme namba 126, iliweka kifungo kisichopungua miaka 3. Ya Tanzania ilimruhusu hakimu kutoza faini tu, na mwanya huo ulikaa miaka mingi. Kwa hilo naisifu Oman.

Lakini kesi huanza na mlalamikaji, na mji wetu unamzuia asifike. Maskati imejinyoosha baina ya milima na bahari, kando ya Barabara ya Sultan Qaboos. Wanaume wa kigeni wamebanana Ruwi, ila angalau wana wenzao na kituo cha mabasi. Binti analala chumba cha nyuma ya jumba huko Al Mawaleh au Al Khoud, pasi yake imefungiwa kabatini. Mabasi ya Mwasalat, yaliyoanza mjini 2015, hufuata zaidi barabara kubwa. Nani atayafuata kwa miguu, jua la Juni likizidi nyuzi 40, bila ruhusa ya kutoka?

Nataka basi dogo liingie mitaa ya majumba kila Ijumaa, na mkaguzi wa kazi mwenye haki ya kugonga lango.