Kindi Yatima na Dawa Isiyopimwa

Mashamba yanapofyekwa kabla ya mvua za masika, na miti mikuukuu ikaangushwa, hutokea jambo ambalo mwalimu wa sayansi huenda amelishuhudia. Mwanafunzi huingia darasani akiwa na boksi la viatu mkononi. Ndani yake, juu ya kitambaa, amelala mtoto wa kindi. Macho yake hayajafumbuka. Ngozi yake ina magamba, mgongoni pana mabaka yaliyonyonyoka manyoya, na pembeni mwa kinywa pana ukoko. Wenzake hukusanyika, na kila mmoja ana dawa yake. Huyu hutaja mafuta ya taa, yule oili chafu, mwingine maji ya mwarobaini, na yule atokaye katika jamii ya wafugaji hutaja dawa ya josho. Huruma ni nyingi na nia ni njema. Hata hivyo, aghalabu jua halichwi kabla mnyama huyo hajafa, na darasa hutawanyika likiamini kwamba ameuawa na ugonjwa wa ngozi.

Imani hiyo yafaa ichunguzwe. Katika hali nyingi za namna hii dawa ndiyo iuayo kabla ugonjwa haujapata nafasi ya kufanya hivyo. Na kosa lenyewe, la kutibu kabla ya kutazama na kumimina kabla ya kupima, haliishii kwa kindi. Mwanafunzi anayelizoea leo kwa mnyama wa gramu 50 atakuwa mzazi kesho, naye atamkatia mtoto wake nusu ya kidonge cha mtu mzima kwa kukadiria tu. Kwa sababu hiyo shule isilipuuze boksi lile la viatu. Limebeba somo ambalo ni nadra kufundishwa kwa ukamilifu.

Kwanza ni vema kumfahamu mgonjwa. Afrika Mashariki ina kindi wa aina kadhaa. Yuko kindi wa pwani mwenye tumbo jekundu, Paraxerus palliatus; yuko kindi-jua wa Zanj, Heliosciurus undulatus, aonekanaye Kenya na Tanzania, visiwa vya Mafia na Unguja vikiwemo; na yuko Paraxerus vexillarius, ambaye makao yake ni misitu ya milima ya Tanzania peke yake. Katika nchi kavu huishi kuchakuro, jamaa yao wa ardhini. Kindi aliyechunguzwa zaidi duniani ni yule wa kijivu wa Amerika ya Kaskazini, Sciurus carolinensis. Mtoto wake huzaliwa uchi, kipofu na kiziwi, baada ya mimba ya siku 44 hivi. Macho hufumbuka akiwa na majuma manne au matano, na huacha kunyonya akikaribia majuma kumi. Katika muda huo wote joto lake, chakula chake na usafi wa ngozi yake hutoka kwa mama. Mama akiondolewa, ngozi ni miongoni mwa viungo vya kwanza kutangaza upungufu huo.

Sababu yake huelezwa na hesabu ambayo kila mwanafunzi aweza kuifanya. Mchemraba wenye upande wa sentimita 2 una eneo la nje la sentimita 24 za mraba na ujazo wa sentimita 8 za ujazo. Uwiano wake ni 3. Mchemraba wenye upande wa sentimita 20 una eneo la sentimita 2,400 za mraba na ujazo wa sentimita 8,000. Uwiano wake ni 0.3. Mdogo ana ngozi mara kumi zaidi kwa kila kipande cha mwili wake. Kwa hiyo mnyama mdogo hupoteza joto upesi, hupoteza maji upesi, na hufyonza upesi chochote kinachopakwa juu yake. Atakayelielewa jambo hili moja atafahamu kwa nini kumwogesha mtoto wa kindi kwa maji na sabuni kwaweza kumuua kwa baridi hata mchana wa joto, na kwa nini dawa ambayo ng'ombe huivumilia haivumiliki kwake.

Tena, sehemu kubwa ya kile kiitwacho ugonjwa wa ngozi kwa mtoto yatima wa kindi si ugonjwa wenyewe. Magamba makavu huweza kuwa dalili ya kupungukiwa maji mwilini au ya lishe duni. Ngozi ya mgongoni ikivutwa taratibu na kukawia kurudi mahali pake, mwili umekauka. Dalili hiyo hiyo ndiyo atazamayo mganga kwa mtoto mchanga anayeharisha. Unyonyokaji wa manyoya kuzunguka kinywa mara nyingi huletwa na maziwa yaliyomwagika na kukaukia hapo. Wekundu wa tumboni na mapajani huletwa na mkojo uliokosa kupanguswa, kazi ambayo mama huifanya kwa ulimi. Maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi huyatoa kwa wema, yana mafuta na protini pungufu mno yakilinganishwa na ya kindi, na huweza kumharisha. Kuhara kukazidisha unyevu, na unyevu ukaichubua ngozi. Hata chupa ya maji moto isiyofunikwa kwa kitambaa humbabua mnyama asiye na nguvu za kujisogeza. Katika mambo yote hayo dawa ya kupaka haisaidii. Inayosaidia ni joto la vuguvugu, maji, lishe sahihi, na kitambaa chenye unyevu kidogo kinachofuatwa mara moja na kitambaa kikavu.

Magonjwa ya kweli nayo yapo, na hapo ndipo ugumu huzidi, kwa kuwa kwa macho matupu yafanana. Utitiri wa upele huchimba ngozini, ukaleta ukoko, mwasho na unyonyokaji. Huko Washington na California, nchini Marekani, utitiri wa jenasi ya Notoedres umepata kuwadhuru sana kindi wa kijivu wa magharibi. Choa, ambacho huletwa na kuvu wa jamii ya Trichophyton na Microsporum, nacho huleta mabaka yenye magamba. Virusi navyo huleta vidonda na ukoko: nchini Uingereza ndui ya kindi huwaua kindi wekundu, ilhali kindi wa kijivu walioletwa kutoka Amerika hubeba virusi hivyo pasipo kuugua sana. Visababishi hivyo vitatu ni vya namna tatu tofauti kabisa. Dawa ya utitiri haiui kuvu, dawa ya kuvu haiui utitiri, wala hakuna hata moja kati ya hizo inayogusa virusi. Kuvitofautisha huhitaji magamba yaliyokwanguliwa na kutazamwa kwa hadubini, kazi ya daktari wa mifugo. Anayepaka dawa kabla ya hapo anabahatisha.

Na hata aliyebahatisha vema bado hajavuka hatari, kwani kuna suala la kipimo. Ivamektini ni dawa mashuhuri ya kuua utitiri na minyoo. Ilitokana na bakteria wa udongoni, na mwaka 2015 Satoshi Ōmura na William Campbell walipata Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyoileta. Dawa hiyo ya sindano, ile ya asilimia moja, hutolewa kwa ng'ombe kwa kipimo cha mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Ng'ombe wa kilo 250 hupewa mililita 5. Mtoto wa kindi wa gramu 50 ni mwepesi kuliko ng'ombe huyo mara 5,000. Kwa uwiano huo huo angestahili mililita 0.001. Tone moja la kawaida ni kama mililita 0.05. Maana yake ni kwamba tone moja tu, ambalo machoni pa mtu si kitu, ni mara hamsini ya kipimo. Na hapo haijazingatiwa kwamba mnyama mchanga huathirika na dawa hii zaidi ya mzima. Yafaa mwalimu aandike hesabu hii ubaoni na kulipa darasa nafasi ya kuitafakari kimya.

Dawa ya josho ina hatari yake pia. Baadhi ya dawa hizo huzuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho mishipa ya fahamu haiwezi kufanya kazi bila yake. Mafuta ya taa huyeyusha mafuta ya asili ya ngozi na kuichoma, na mnyama akijilamba huweza kuingia mapafuni. Oili chafu hushikamanisha manyoya, nayo manyoya yaliyoshikamana hayahifadhi joto.

Lipo pia suala la afya ya watoto wenyewe. Choa huhama kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, na katika bweni mtu mmoja hutosha kuwaambukiza wengi. Viroboto wa wanyama wagugunaji wana historia yao: tauni iliyozuka wilayani Lushoto mwaka 1980 iliendelea kujitokeza kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1985, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watafiti walimpata kindi wa msituni, Funisciurus anerythrus, mwenye vidonda ngozini, na kutoka kwake wakapata kirusi cha ndui ya nyani. Mwaka 2003 wanyama wadogo waliosafirishwa kutoka Ghana hadi Marekani ili wauzwe kama wanyama wa nyumbani, baadhi yao wakiwa kindi, walipeleka ugonjwa huo huko, na watu zaidi ya 40 wakaugua. Mlipuko uliolifanya Shirika la Afya Duniani kutangaza hali ya dharura Agosti 2024, baada ya ugonjwa kufika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, ulienea zaidi kati ya mtu na mtu. Hata hivyo, fundisho la 1985 halijachakaa: kindi mwenye vidonda vya ngozi hashikwi kwa mikono mitupu, wala hapitishwi madawati yote.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni makuu yasiyostahili mnyama mdogo kama huyo. Kuchakuro hufukua mbegu za mahindi. Daktari wa mifugo yuko mbali, na akifika ana ng'ombe na mbuzi wa kutibu. Basi mnyama atupwe, na somo liendelee. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake na haifai kubezwa. Lakini inasahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtoto aliyeamriwa kutupa atajificha nyuma ya bweni pamoja na boksi lake na kopo la mafuta ya taa, na hapo hatari huongezeka. La pili ni kwamba elimu ya tiba haikugawanya viumbe kuwa wa maana na wasio na maana. Griseofulvini, iliyotibu choa cha watoto wengi, ilipatikana katika kuvu mwaka 1939 na kukaa karibu miaka ishirini bila kufahamika kwamba yaweza kutibu ugonjwa huo ikimezwa. Mwaka 1958 jambo hilo lilithibitishwa kwanza kwa simbilisi, mgugunaji mdogo wa maabara.

Kati ya kutupa na kumimina, basi, iko njia ya tatu, nayo haina gharama kubwa. Ikiwa mtoto wa kindi hana jeraha, ana joto na ngozi yake ni safi, arudishwe mchana huo huo chini ya mti alikookotwa, ndani ya kiboksi kilicho wazi, watu wakae mbali. Kindi jike huweza kumbeba mwanawe kwa kinywa hadi kiota kingine, na harufu ya mtu haimzuii. Ikiwa mama hatokei, au mtoto ana vidonda, mtu mmoja tu amshughulikie, akiwa amevaa glavu au mfuko wa nailoni mikononi, na anawe kwa sabuni baadaye. Awekewe chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishwa kitambaa, katika nusu moja ya boksi tu. Asilishwe angali baridi. Apimwe uzito kwa mizani ya maabara asubuhi na jioni. Umbo lake lichorwe daftarini na kila baka litiwe mahali pake, pamoja na tarehe. Asipakwe kitu chochote. Daftari hilo lipelekwe kwa afisa mifugo na kwa afisa wanyamapori, maana mnyama wa porini yuko chini ya sheria, ile ya 2009 nchini Tanzania na ile ya 2013 nchini Kenya, na shule haina mamlaka ya kumfuga ipendavyo.

Huenda atakufa hata baada ya hayo yote. Watoto yatima wa wanyama hufa kwa wingi, na haifai kuwaficha wanafunzi jambo hilo. Lakini kifo kilichotanguliwa na daftari hutofautiana na kifo kilichotanguliwa na kopo la mafuta ya taa. Cha kwanza huacha maswali yaliyoandikwa, ambayo darasa linaweza kuyajibu. Cha pili huacha harufu tu. Walimu wa baiolojia na wa hisabati wakikaa pamoja juu ya boksi moja la viatu, wanaweza kumfundisha kijana jambo litakalomfaa siku atakapokesha na mwanawe mwenye homa, chupa ya dawa mkononi: kwamba kiumbe mdogo si mkubwa aliyepunguzwa, na kwamba anayempenda mgonjwa wake humtazama kwanza, humpima, ndipo afungue chupa.