Nyimbo Zetu Zataka Nyumba Yenye Ukimya



Nataka niseme jambo ambalo limekuwa likisemwa pembeni tu, wakati wa kuondosha sahani. Harusi zetu za miaka hii zina kila kitu isipokuwa wimbo wao wenyewe. Ukumbi upo, maua yapo, na nyimbo zinatoka ndani ya simu ya kijana mmoja aliyekaa karibu na spika. Ni nyimbo nzuri, wala sizitukani. Lakini hakuna hata moja iliyotungwa kwa ajili ya bibi harusi yule, yenye jina la bibi yake ndani yake, au utani wa mtaa waliotoka wazee wake. Ukiwauliza vijana wetu wenye sauti na vipaji, nao wapo, jawabu lao ni moja: "Shangazi, maneno hayaji."

Mimi nnaona maneno huja, ila yakibisha hodi hayakuti mtu ndani. Mwenye nyumba yuko kwenye simu, au kiwiliwili kiko sebuleni na fikra iko kazini, au anajibu ujumbe wa kundi la ukoo (na sisi wazee ndio tunaotuma mwingi). Kipaji hakijapungua. Kilichopungua ni ule muda ambao mtu alikuwa hana la kusikiliza ila nafsi yake.

Kuna mazoezi yaliyoenea sana Uingereza na Marekani, ya kukaa kimya, kuifuata pumzi, na kuiacha fikra ipite bila ya kuikimbilia wala kuifukuza. Mimi nayaita taamuli, na hali inayotafutwa ni kuhudhuria kwa moyo, maana yake moyo uwepo pale pale kilipo kiwiliwili. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa mazoezi haya katika chuo cha utabibu huko Massachusetts. Aliyachukua katika desturi za Kibudha akaiacha dini pembeni. Baadaye yakaingia maskulini na maofisini, na watungaji wa nyimbo nao wameyashika, kwa kusema kuwa yanawafungulia mlango.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa The Beatles, waliokwenda Rishikesh, Uhindi, ukingoni mwa mto Ganges, mwezi wa Februari 1968, kujifunza taamuli kwa Maharishi Mahesh Yogi. Walitunga nyimbo nyingi mno kule, na nyingi katika hizo zikaingia katika santuri zao mbili zilizotoka pamoja Novemba mwaka ule ule, zenye nyimbo 30. Watu husema: mnaona, taamuli hiyo! Mimi nasema tazameni vizuri. Kule walikuwa hawana studio wala ratiba ya maonyesho, wana magita ya mbao na mchana mrefu. Tena alikuwako Donovan, mwimbaji mwenzao, aliyemfundisha John Lennon namna mpya ya kudonoa nyuzi kwa vidole, na namna ile inasikika katika nyimbo alizozitunga baada ya hapo. Ringo Starr yeye hakutimiza hata wiki mbili, chakula kilimshinda. Basi palikuwa na ukimya, palikuwa na ufundi, na palikuwa na mwenzao wa kuwafundisha. Atakayechukua la kwanza akayaacha mawili, atakaa kimya mpaka aumwe na mgongo na wimbo asiuone.

Leonard Cohen, mtu wa Kanada, alikaa miaka kama mitano, tangu 1994 hadi 1999, katika nyumba ya watawa wa Kizen huko Mount Baldy, California, na mwaka 1996 akafanywa mtawa. Naye alikuwa mtu wa kufuta na kuandika upya, wimbo mmoja ukimchukua miaka. Namtaja kwa ajili ya wale wanaodhani kuwa dakika kumi za kufumba macho zitawaletea beti kumi.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2012 Lorenza Colzato na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichapisha jaribio la kulinganisha taamuli za namna mbili: ya kushikilia kitu kimoja, kama pumzi, na ya kuacha mlango wazi, fikra iingie na kutoka huku mtu anaitazama tu. Hii ya mlango wazi ndiyo iliyowasaidia watu kutoa fikra nyingi za namna mbali mbali. Ile nyengine haikuonyesha faida hiyo. Waliojaribiwa walikuwa wachache, kwa hiyo sijengi ghorofa juu yake. Lakini anayejua kutunga hatashangaa.

Kwani bibi zetu walikuwa na nini? Walikuwa na ukili. Mwanamke anayesuka ukili mikono yake inakwenda yenyewe, macho yametua, na fikra inatembea bila ya kufungwa kamba. Saa nzima hasikii ila mchakacho wa miyaa. Pemba, wakati wa mavuno, watu hukaa duara usiku kuchambua karafuu, kutenga karafuu na makonyo, vidole vikifanya kazi ile ile mara elfu, na hapo ndipo yanapotoka mafumbo na vijembe vinavyokuja kuimbwa baadaye. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alitembeza vyungu kwa miguu miaka mingi kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri. Sidai kuwa vyungu ndivyo vilivyomfanya Siti kuwa Siti. Nasema tu kuwa njia ndefu ya miguu ni pahala pazuri pa kuhifadhia maneno. Sisi tumepata mashine ya kufua, gari na mkeka wa dukani, na sina hamu ya kurejea kwenye kinu. Ila kazi zile zilipoondoka ziliondoka na kimya chao, na hatukuweka kitu badala yake.

Najua atatokea mtu aseme: mbona mwimbaji wa kidumbak huunga maneno papo hapo, katikati ya sanduku na ngoma na watu wanacheza? Ni kweli, na ni ajabu ya kutazama. Lakini yule ana ghala. Amekuja na mamia ya beti kifuani, anachagua na kubadilisha. Kijana wetu aliyezaliwa Muscat au Slough hana ghala hilo, na hapa ndipo mazoezi ya kigeni yanaposhindwa: ukimya hauwezi kukupa neno usilolijua. Mtoto akikaa kimya naye anaota kwa Kiingereza, atatoka na wimbo wa Kiingereza. Kwa hiyo nyumba inayotaka mtungaji iwe na nyakati mbili, wakati wa mazungumzo ya Kiswahili na wakati wa kunyamaza, na cha kwanza kisimezwe na cha pili.

Baadhi ya wazee wameniuliza kama haya si ibada ya watu wengine. Kuvuta pumzi na kuitambua hakuna mwenyewe. Mtu hahitaji sanamu, udi wala neno la kigeni. Linaloniudhi mimi ni kinyume chake, watu kuuita uradi wao taamuli ya kutafutia wimbo. Uradi ni uradi, una mwelekeo wake. Usiufanye mtego wa kunasia vina.

Jinsi ninavyowafundisha watoto wanaokuja kwangu ni hivi. Asubuhi kabla ya kuwasha simu, kaa dakika kumi, mlango umefungwa. Usitafute wimbo. Sikia pumzi, sikia friji, sikia gari nje. Fikra ikija itazame iende zake. Kisha chukua penseli uandike chochote kilichobaki, bila ya vina, hata kama ni harufu ya mchuzi wa jana. Ufanye hivyo wiki nzima. Wiki ya pili ndiyo ya kushikilia kitu kimoja, na kitu chenyewe ni mizani. Tamka mstari polepole, nane pumzi ya kwanza, nane pumzi ya pili, mpaka masikio yajue yenyewe pahala penye upungufu. Binti mmoja wa ukoo wetu, mwenye miaka 16, alianza na karatasi iliyojaa malalamiko ya lifti mbovu ya jengo lao. Wiki ya tatu ilikuwa ubeti wa kumtania kaka yake aliyechelewa kwenye posa kwa ajili ya lifti ile ile. Shangazi zake walicheka mpaka wakalia. Hilo simu haiwezi kulitoa, maana simu haimjui kaka yake.

Nasikia zipo programu za kukufundisha kunyamaza, zenye kengele na sauti ya mawimbi, na unalipa kila mwezi. Mwenye pesa zake asizuiliwe. Mimi nnaona ni kama kumwajiri mpiga ngoma akubembeleze ulale.

Mhariri amenikubalia kurasa mbili katika kitabu cha mwakani. Kila nyumba ilete beti tatu za Kiswahili, juu ya mtu mmoja wa nyumba ile aliye hai, ambazo zinaweza kuimbwa mbele yake bila ya kuleta ugomvi. Zisizotimia mizani zitarejeshwa kwa mwenyewe pamoja na penseli. Zifike kabla ya mwezi wa Rajabu, maana baada ya hapo mchapaji hapokei kitu.