Presha ya Macho: Jina Linaloficha Nusu ya Ugonjwa

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ninaoukusudia umo katika msamiati wetu wa afya, nao unahusu maradhi ya glakoma, ambayo wengi huyaita presha ya macho. Rai yangu ni kwamba jina hili hueleza nusu tu ya ugonjwa, na sisi wapenzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuikamilisha nusu iliyobaki.

Katika mazungumzo ya kila siku, presha ni shinikizo la damu. Anayeambiwa kwamba ana presha ya macho aweza kudhani kuwa akipunguza chumvi macho yatapona. Ilhali shinikizo linalotajwa ni la majimaji yanayozalishwa ndani ya jicho, ambayo yasipotoka ipasavyo husukuma kuta zake.

Isitoshe, shinikizo peke yake halielezi upofu. Kiwango cha kawaida huchukuliwa kuwa milimita 10 hadi 21 za zebaki. Wapo waliozidi 21 na neva zao ni nzima. Wapo pia walio chini ya hapo na neva zao zinaharibika. Sababu mojawapo ni tabia ya tishu zenyewe. Nyuma ya jicho mna utando wenye vitundu, ambamo nyuzi zipatazo milioni moja za neva ya jicho hupita kuelekea ubongoni. Shinikizo likiulemea, utando huo hupindika na kuzibana nyuzi hizo. Kiasi cha kupindika hutegemea unene na unyumbufu wake, pamoja na ukakamavu wa ukuta mweupe unaouzunguka, ambao huzidi kukakamaa kadiri umri unavyosonga.

Je, Kiswahili kinashindwa kuyabeba haya? Hasha! Waliouita utando huo kwa Kilatini waliazima jina la chombo cha kuchekechea. Nasi tunalo chekeche. Napendekeza tuseme chekeche la neva, na badala ya presha ya macho tuseme shinikizo la ndani ya jicho.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tuhangaike, maadamu tiba iliyopo hulenga kupunguza shinikizo hilo hilo? Jibu ni kwamba glakoma aghalabu huanza kula uoni wa pembeni, bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mgonjwa akaona tena. Glakoma haina bahati hiyo. Waafrika nao wamo miongoni mwa walio hatarini zaidi. Mgonjwa anayefahamu kwamba chekeche lake ni dhaifu hataacha dawa ya matone eti kwa kuwa kipimo kimesoma kawaida.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya. Urasmi huo hauna budi kufika katika chumba cha daktari. Wanaisimu, tushirikiane na matabibu kuunda istilahi zinazoeleweka, kabla giza halijatanda.