Hiace kuukuu, injini nyingine: Mafia, anza na giaboksi

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Kwa mwenye Hiace ya petroli inayobeba abiria Kilindoni, siku hiyo inarudisha swali lilelile: hii injini itolewe, iwekwe dizeli?

Tusidanganyane kuhusu bei. Dizeli si rahisi siku zote, kuna miezi inaipita petroli kwa lita. Faida yake iko kwenye ulaji: injini ya dizeli inakwenda mbali zaidi kwa lita moja, na inavuta vizuri ikiwa kwenye mzunguko mdogo. Kwenye mchanga, hilo la pili ndilo lenye maana.

Kwa nini asinunue gari jipya zaidi? Hela. Gari la mtumba lililozidi miaka 8 linatozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake, juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Halafu bado hujalivusha bahari kutoka Nyamisati. Kufunga injini ya mtumba kwenye bodi uliyonayo kunaonekana nafuu, na mara nyingi ni nafuu kweli. Hesabu huharibikia kwenye giaboksi.

Njia rahisi ni kubaki kwenye ukoo mmoja. Hiace ya dizeli yenye 2L (cc 2446) inapokea 3L (cc 2779) au 5L (cc 2986) bila vita kubwa, kwa sababu zote ni injini za familia ya L. Giaboksi ya zamani inarudi palepale. Unabadilisha klachi, unahakikisha meno ya sahani yake yanaingia kwenye shafti ya giaboksi, basi.

Kutoka petroli kwenda dizeli ni stori nyingine. Chukua 1RZ, ile ya cc 1998. Matundu ya bolti nyuma yake hayalingani na ya 3L, kwa hiyo giaboksi iliyokuwa na 1RZ haitakaa. Hapo fundi ana njia tatu.

Ya kwanza ni kubadilisha hausingi ya mbele tu, ile yenye umbo la kengele. Kwenye giaboksi za Toyota za familia ya G, hausingi hiyo hufunguliwa kwa bolti, hivyo ukipata inayolingana na injini mpya umeokoa pesa. Ya pili ni kununua injini pamoja na giaboksi yake. Ila urefu ukitofautiana, maunti ya giaboksi inahamishwa na propela inakatwa au kuongezwa, kisha ibalansiwe. Propela isiyobalansiwa inatetemesha gari zima na kula kirosi.

Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi: bamba la chuma linalochongwa ili kuunganisha vitu viwili visivyofahamiana. Linawezekana. Lakini shafti ya giaboksi lazima ikae katikati kabisa ya kranki. Ikipinda hata sehemu ndogo ya milimita, beringi zitaanza kulia, kisha sahani ya klachi itapasuka kitovuni. Kazi hiyo inataka mashine ya kuchonga na kipimo cha uhakika, wala si grenda na jicho la fundi, hata awe fundi mzuri kiasi gani.

Dar, klachi ikigoma kuingia, unamtuma kijana Gerezani na jioni gari linafungwa. Mafia kosa hilohilo ni simu, mtu wa kukununulia, basi hadi Nyamisati, na kusubiri chombo. Gari liko juu ya mawe, marejesho ya mkopo hayasubiri. Kwa hiyo ningelipa zaidi kwa injini yenye giaboksi, flaiwili, klachi na maunti zake, kuliko kuokota injini peke yake kwa bei ya kurusha roho.

Na kabla ya kutoa hela yoyote, lala chini ya gari. Chumvi ya bahari inakula chuma kimyakimya. Kama ile krosimemba inayobeba giaboksi imeoza, dizeli nzito itaimaliza, na abiria wako juu yake.

Kuna pia turbo, 1KZ, ambayo vijana wanaipenda. Nguvu ipo, lakini difu na breki za Hiace ya zamani hazikupangiwa nguvu hiyo. Kwenye lami fupi ya Kilindoni–Utende unakimbilia wapi?

Mwisho, karatasi. Kadi ya gari inabeba namba ya injini, cc na aina ya mafuta. Vyote vikibadilika, taarifa zinatakiwa kurekebishwa TRA, na risiti ya injini ndiyo ushahidi kwamba si ya wizi. Gari la abiria lina leseni ya LATRA na bima, na siku ya ajali namba isiyolingana na kadi ni mwanya wa kukunyima fidia. Ukinunua injini bila risiti, utaliuza hilo gari kwa nani?