Mbuzi Akinyonyoka, Usisingizie Majira

Mpenzi msomaji, ukienda Lanet kuwasalimia wazazi ukute mbuzi ananyonyoka manyoya, huenda ukaambiwa, "Ni majira tu." Usikubali upesi.

Huko China na Mongolia, mbuzi wa kashimiri huota manyoya laini mchana unapofupika, kisha huyapukutisha baridi ikiisha. Siri ni homoni. Giza la usiku huifanya tezi ndogo iliyo ubongoni itoe melatonini. Usiku ukifupika, melatonini hupungua na homoni nyingine, prolaktini, huongezeka. Ndipo manyoya ya zamani yanapong'oka.

Lakini Lanet iko karibu kabisa na ikweta. Mchana wake ni kama saa 12 kuanzia Januari hadi Desemba, kwa hiyo mwili wa mbuzi haupati ishara hiyo. Basi mchunguze: je, anajikuna? Ana chawa, au ngozi yenye magamba ya upele? Amekonda? Mtenge na wenzake, umwite daktari wa mifugo. Watoto wasimshike, maana upele wa mbuzi waweza kumwambukiza binadamu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tukutane Jumapili ijayo.