Rekodi inakatakata? Acha kulaumu bando kwanza

Kuna imani imeshika vijana wanaorekodi vitu kwenye tarakilishi, wawe wa podikasti, wanafunzi wanaohifadhi mihadhara ya mtandaoni au madijei wanaonasa vipindi vya redio. Sauti ikikatakata, dawa ni pesa. Nunua bando kubwa. Ikikataa, nunua kipakatalishi kipya. Mimi naona hapo wengi wanamwaga pesa bure.

Piga hesabu. Stesheni inayopeperusha matangazo mtandaoni kwa kilobiti 128 kwa sekunde, kiwango cha kawaida kabisa, itakula megabaiti 58 hivi kwa saa nzima. Hiyo ni kitu kidogo sana. Tena bando kubwa linakuongezea kiasi cha data, si lazima likuongezee kasi.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, vaa spika za masikioni usikilize huku ukirekodi. Kama unasikia sauti ikikatika papo hapo, uwezekano mkubwa shida iko njiani, laumu mtandao. Lakini kama masikioni inateremka vizuri, halafu ukicheza rekodi baadaye ndiyo unapata mapengo, mtandao hauna hatia. Sauti ilifika nzima, mashine yako ndiyo imeipoteza. (Mashine iliyolemewa sana hukata hata unachosikia. Cheza wimbo ulio nao tayari kwenye diski. Nao ukikatika, umempata mwizi.)

Inapoteaje? Sauti ya dijitali ni vipimo 44,100 au 48,000 kila sekunde. Vinakusanywa kwanza kwenye hifadhi ndogo ya muda iitwayo bafa, kisha prosesa inakuja kuvichukua. Ukiishi kwenye ploti ya maji ya zamu utaelewa haraka. Mtungi uko chini ya mfereji, wewe unabeba kwenda kumimina kwa tangi. Mtungi ukiwa mdogo na jirani akuite kidogo tu, maji yanamwagika. Sasa prosesa inaitwa na tabu thelathini za kivinjari, antivairasi na masasisho ya Windows, yote kwa wakati mmoja.

Na kilichomwagika hakirudi. Hakuna programu itakayokurudishia neno ambalo halikurekodiwa. Wimbo utautafuta tena, sawa. Lakini nyanya akikusimulia kwa simu ya video jinsi alivyoingia Nairobi mara ya kwanza, kesho hatasimulia vilevile, na pengine hatasimulia kabisa.

Kwa hivyo funga kila usichotumia. Chomeka chaja, maana vipakatalishi vingi vikiwa kwa betri hupunguza kasi ya prosesa ili kuokoa umeme. Usirekodi moja kwa moja kwenye flashi. Kama unatumia Audacity, ambayo ni ya bure, ingia kwenye mipangilio ya sauti uongeze bafa. Kwa kawaida huwa milisekunde 100, jaribu 200. Sauti itachelewa kidogo, lakini ukirekodi matangazo hilo halina neno. Kwenye Windows chagua WASAPI, kisha ile spika iliyoandikwa loopback, programu inase sauti ndani kwa ndani. Kuweka simu mbele ya spika, jameni, tuliache. Hakikisha pia Windows na Audacity zimewekwa kipimo kimoja, kama ni 48,000 iwe 48,000 kote. Na zile spika za masikioni za Bluetooth, ukizitumia pia kama maikrofoni, sauti mara nyingi hushuka hadi ile ya simu ya kitambo. Za waya hazina mambo hayo.

Kuna mafundi ambao jibu lao kwa kila swali ni kufomati. Kabla ya kumpa mtu mashine yako, weka LatencyMon, nayo ni ya bure, ikuonyeshe dereva gani inachelewesha sauti. Ya Wi-Fi ni mshukiwa wa kawaida.

Kweli, kuna mashine zimechoka. Lakini kurekodi sauti peke yake ni kazi nyepesi. Hata sauti ya kiwango cha CD ni kama megabaiti 10 kwa dakika, mzigo ambao kipakatalishi cha mtumba kinaubeba bila jasho. Kuhariri video ni hadithi nyingine. Ningependa vyuo vya uanahabari vianzie hapa kabla ya kuwaonyesha wanafunzi kamera za bei.

Na kama kweli ni mtandao? Usibishane nao. Mwambie binamu aliye na nyanya aweke simu ya pili mezani, abonyeze kurekodi mkiongea, kisha akutumie faili jioni mtandao ukitulia. Apige makofi mara moja mwanzoni, ndipo upate pa kuoanisha sauti yake na yako.