Mtoto mwenye selimundu asisubiri mafua yamlaze

Msomaji, mafua yakikupata hapo mjini unakunywa chai ya tangawizi, unalala siku mbili, mambo yamekwisha. Mtoto mwenye selimundu kule Garsen hana bahati hiyo. Wengu wake, unaosaidia mwili kupigana na viini, huharibika tangu utotoni. Homa ya mafua ikimshika yaweza kushuka mapafuni, akakosa pumzi na kupatwa na yale maumivu makali ya mifupa.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama. Si laana wala uchawi. Umeenea Pwani na magharibi mwa Kenya kwa kuwa anayeurithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kiini cha nimonia kiliongoza katika kuambukiza damu ya watoto hawa. Chanjo ya kukizuia ilianza kutolewa bure nchini mwaka 2011. Lakini mafua ndiyo yanayoifungulia nimonia mlango, na chanjo yake haikuwekwa katika ratiba ya kawaida. Mwaka 2016 wataalamu wanaoishauri serikali walipendekeza wachanjwe watoto wa miezi 6 hadi 23. Je, mwenye selimundu wa miaka mitano aende wapi? Mama yake aambiwe akainunue?

Mto Tana unapofurika, kama ulivyofanya mwishoni mwa 2023, barabara hukatika. Siku hiyo mgonjwa hafiki Hola wala Malindi. Kwa hivyo kinga ni lazima itangulie.

Tena si jambo gumu. Mtoto huyu huja kliniki mara kwa mara, na jina lake limo kitabuni. Friji ya chanjo nyingine yatosha kuihifadhi hii pia. Achomwe sindano siku hiyo hiyo ya kliniki, bila malipo: mara mbili mwaka wa kwanza, wiki nne zikipita katikati, kisha mara moja kila mwaka. Sindano hiyo haina kiini hai, haiwezi kumletea mafua.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Watoto hawa watengewe fungu lao katika bajeti. Nawe ukiwa na jamaa mwenye mtoto wa selimundu, mwambie aulize kuhusu chanjo hii kliniki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.